Skafu ya Kibonge

Mkwe wangu ana tabia moja iliyokuwa ikinikera kupita kiasi. Ukimpa skafu uliyoifuma kwa mikono yako, haivai. Anaitandaza kwanza mapajani, kisha anaipitishia viganja viwili kutoka ncha hadi ncha, taratibu, anaibonyezabonyeza huku amekunja uso kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Akimaliza ndipo anatabasamu. "Nzuri sana, mama. Umejitahidi." Umejitahidi! Mimi niliyefuma masweta ya shule kiwandani tangu nikiwa msichana mpaka nikastaafu na mgongo umepinda, naambiwa nimejitahidi, kama mtoto aliyejifunza jana kufunga kamba za viatu.

Nilijipa jibu langu mwenyewe: kazi yake ndiyo iliyomharibu. Yuko chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, na siku nzima anashikashika mashuka ya wagonjwa kabla hayajaingia kwenye mashine. Mtu anayeshinda na mashuka, nikasema moyoni, sufu ataijulia wapi? Sikumwambia, maana naipenda amani ya nyumba yangu. Lakini kila alipoanza kupapasa kazi yangu, mimi niligeuza uso nikatazama ukuta.

Tunaishi pamoja: mimi, mwanangu, mkewe, na mjukuu wangu tunayemwita Kibonge. Ukimwona hutauliza kwa nini. Ana mwaka na nusu, mashavu yamemfunika shingo, na kila anachookota sakafuni kinaishia mdomoni: kifungo, ganda la yai, sikio la paka wa jirani. Baridi ilipoanza mwaka jana mama yake aliamua ghafla kumpeleka kituo cha kulelea watoto. "Acheze na wenzake, mama," alisema. Nikaachiwa kazi ya kumfuata mchana tu, nikae naye mpaka wazazi warudi. Iliniuma, sisemi uongo. Lakini zile saa za mchana ndizo zilizokuwa zikinitoa kitandani asubuhi, na mtu akitaka kuniua aninyang'anye hizo.

Msimu wa baridi ndio msimu wangu wa zawadi. Wengine hununua vikombe, mimi nafuma skafu. Mwanangu anayo, jirani yangu Mama Kasuku anayo, hata daktari wa meno aliyening'oa gego bila kunifokea nilimpelekea yake, ya kijivu. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Kibonge. Nilimchagulia njano ya kiini cha yai, na mistari ya kijani kwenye ncha.

Asiyefuma hajui kwamba skafu ikiisha haijaisha. Kila rangi inapoanzia na inapoishia hubaki mkia wa uzi unaning'inia, na mikia hiyo lazima ifichwe ndani ya mfumo kwa sindano fupi yenye tundu pana. Wenzangu hutumia ile butu. Mimi natumia ya chuma yenye ncha kali, kwa sababu butu inanichelewesha na mimi sikuumbwa kungoja. Kiwandani kila mmoja wetu alikuwa na kimto kidogo cha pamba kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Ukishaficha mkia unachoma sindano pale, unakata uzi, unaichomoa tena, wala hutazami. Kimto kilikuwa mali ya kiwanda, nikakirudisha siku nilipoaga. Nyumbani naichoma popote: kwenye mkono wa kochi, kwenye mto, au kwenye skafu yenyewe.

Asubuhi ile mkwe wangu alikuwa ameshatoka kwenda zamu, na mimi nilikuwa nimepanga mambo yangu. Nilikuwa nimeapa kwamba skafu hii haipiti kwenye vile viganja. Mtoto ataivaa kwanza, apongezwe na kila mtu kituoni, ndipo mama yake aje aipapase akitaka. Mwanangu, ambaye ni dereva wa gari la mikate, alikuwa anapiga honi nje. Mimi niko kochini nimevaa sweta langu zito la mikono ya kukunja, naficha mkia wa mwisho, macho nimeyakodoa kwa sababu dirisha lilikuwa bado na giza giza.

"Mama, mikate inapoa!"

"Mikate ya jana inapoa mara ngapi?" nikamjibu.

Nikakata uzi, nikamvuta Kibonge, nikamzungushia skafu na kuifunga fundo chini ya kidevu. Akalia kidogo na kukunja shingo. Nikadhani hataki kufungwa, kama watoto wote. Nikambusu shavu, nikamkabidhi kwa baba yake, gari likaondoka.

Nikanywa chai kwa raha ya mtu aliyeshinda kesi. Kisha nikakumbuka kwamba glavu za Mama Kasuku zilikuwa zimebaki mkia mmoja, nikazichukua, nikapeleka mkono kwenye kochi kutafuta sindano. Haikuwepo. Nikaangalia kwenye mto, kwenye begi la nyuzi, kwenye sahani ya kikombe. Nikapiga magoti nikapapasa chini ya kochi, nikatoa kijiko, soksi na vumbi la kutosha kujaza godoro.

Mama Kasuku aliingia akanikuta makalio juu. Tunamwita hivyo kwa sababu anaongea hata akiwa anameza.

"Unasujudia nini?"

"Sindano yangu fupi. Hujaichukua?"

"Mimi na sindano wapi na wapi? Kila mwaka unaniuliza hivyo hivyo. Mwaka jana ulininunia wiki nzima. Sindano zako zinaota miguu, jirani, si mimi." Akashika upande mmoja wa kochi, tukaliinua, tukaligeuza. Hakuna kitu. "Uliitumia lini mara ya mwisho?"

"Sasa hivi. Nilikuwa naficha mkia wa skafu ya Kibonge, mwanangu akapiga honi, nika..."

Sikumaliza. Niliuona mkono wangu wa kulia ukishika mkasi, na mkasi haushikwi na mkono wenye sindano. Lazima niliichoma mahali. Na kitu pekee kilichokuwa mbele yangu kilikuwa ni ile skafu, ambayo kwa sasa ilikuwa imefungwa kwenye koo la mtoto anayetafuna kila kitu.

Nikakaa sakafuni, glavu ya mtu mkononi, na jasho jembamba likanitoka katika baridi ile.

"Pengine imeangukia kwenye zulia," Mama Kasuku akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Nikampigia mwanangu. Hapokei, akiwa kwenye usukani hapokei, na ni mimi niliyemfundisha hivyo. Nikapiga kituoni. Simu ikaita, ikaita, ikakatika. Jina la mkwe wangu lilikuwa pale pale kwenye simu, chini ya lile la mwanangu. Kidole kikasimama juu yake. Nikiri tu nilichowaza, kwa sababu nilikiwaza: nikimpigia, basi. Hatanipa tena huyu mtoto. Na kama sindano iko salama ndani ya sufu, nitaichomoa kimyakimya, nitarudi nyumbani, na hakuna atakayejua ila mimi na Mama Kasuku, na Mama Kasuku nitamfuma mdomo.

Nikatoka mbio. Mtu wa umri wangu hakimbii, anajirusha tu mbele na kuomba magoti yafuate. Nilipita kwa fundi matairi, nikapita kwa seremala aliyeniita nisiitike, na ilikuwa karibu na lango la kituo nilipogundua kwamba nimevaa ndala moja ya bluu na nyingine ya kahawia. Njia nzima nilikuwa naona kitu kimoja tu, Kibonge amelala chali na mdomo wazi. Nilijaribu kuona kitu kingine, nikashindwa.

Nilimsikia kabla sijafika mlangoni. Kilio cha mjukuu wako unakijua hata katikati ya vilio ishirini.

"Afadhali umekuja, bibi," mlezi wao akaniambia. Ni mwanamke mpole mwenye aproni iliyojaa alama za vidole vidogo. "Tangu aletwe hatulii. Tumefikiri ni meno."

Kibonge alikuwa amekaa kwenye mkeka, uso mwekundu, ncha ya skafu ameisokomeza yote mdomoni. Mistari yangu ya kijani ilikuwa imelowa mate. Nikaivuta polepole, kidogo kidogo. Nikaifungua shingoni. Na pale, kando ya kidevu, kulikuwa na mchubuko mwembamba mwekundu, mrefu kama ukucha, na tone la damu lililokauka.

Nikaitandaza skafu sakafuni. Nikaipapasa kwa viganja viwili kutoka ncha hadi ncha, nikiibonyeza, na sikuwa hata na nafasi ya kukumbuka ni nani mwingine hufanya hivyo. Hakuna. Nikaigeuza, nikarudia. Sufu tupu. Pale ndipo woga wa kwanza ulipoonekana mchezo tu mbele ya huu mpya, kwa sababu kama sindano imemchubua kidevu na sasa haimo kwenye skafu, na skafu ilikuwa mdomoni mwake, basi iko wapi?

"Bibi, kuna nini?" mlezi akauliza.

Ningeweza kusema hakuna kitu, nimekuja tu kumsalimia. Neno lilikuwa tayari ulimini. Kibonge akaninyooshea mikono, akakohoa.

"Amemeza sindano," nikasema. "Nadhani amemeza sindano yangu." Na nikabonyeza jina la mkwe wangu.

Alipokea akihema, mashine zinanguruma nyuma yake. Nikamweleza bila kupamba. Nilitegemea apige kelele. Alisema tu, "Usimpe maji wala chakula. Usimpige mgongoni. Mshike wima, mlete huku. Nakungoja mlangoni." Sauti yake ilikuwa kavu kabisa, na ukavu ule ulinitisha kuliko kama angenitukana.

Mlezi alisimama katikati ya barabara akalizuia gari la kwanza lililotokea, la fundi bomba, limejaa mabomba nyuma. Nikapanda mbele, Kibonge wima kifuani pangu, kichwa chake juu ya mkono wangu wa kushoto.

"Haraka!" nikamwambia fundi. Akakanyaga mafuta, gari likaruka kwenye shimo, mabomba yakalia, na mimi nikahisi sindano ile ikizama ndani ya mtoto. "Polepole, unataka kumuua?"

"Bibi, chagua moja," fundi akasema.

Nikachagua haraka, kisha nikachagua polepole, hivyo hivyo mpaka hospitali. Kibonge alikuwa ameacha kulia. Alikuwa ananyonya kola ya sweta langu na kuyatazama mabomba kwenye kioo, na kila alipomeza mate nilisikia kama mimi ndiye ninayechanwa koo. Nilimwahidi Mungu mambo mengi ndani ya gari lile. Nilimwambia achukue macho yangu, achukue mikono, nisifume tena maisha yangu yote.

Mkwe wangu alikuwa mlangoni na glavu zake nene za kazi zimechomekwa kiunoni. Hakunisalimia. Alimchukua mtoto, akamfungua mdomo, akatazama, akaingiza kidole akapapasa ufizi na chini ya ulimi. Kisha akanyoosha mkono kwangu. "Skafu." Nikampa. Akaipitishia viganja, mara moja tu, haraka, akanirudishia. Tukamfuata muuguzi kwenye korido ndefu yenye harufu ya dawa ya sakafu, mimi nyuma yao na ndala zangu mbili zisizofanana.

Fundi wa eksirei alikuwa mtu mzima, mtaratibu. "Mtoto mdogo hivi hawezi kutulia peke yake," alisema. "Mmoja wenu ataingia kumshika. Mama yake, una mimba?"

Mkwe wangu akatazama chini. "Ndiyo," akasema.

Nilikuwa sijaambiwa. Hata hiyo nilimeza kama mtu anayemeza kidonge kikubwa bila maji.

"Basi bibi ataingia. Vua vyote vya chuma."

Nikavua bangili, hereni, pini ya kilemba, nikampa mkwe wangu vyote mkononi. Fundi akagusa sweta langu. "Hili lina zipu?"

"Sufu tupu," nikasema. "Vifungo vya mbao." Nilikuwa natetemeka, akaniachia, chumba kilikuwa na baridi. Akanivika aproni nzito kama gunia la saruji, akamlaza Kibonge mezani, akaniambia nimshikilie mikono juu ya kichwa asijitikise. Nikainama, vifundo vya mikono yangu kando ya shingo yake. Kibonge alinitazama akiwa chali, machozi yanamwingia masikioni, hajui kwa nini bibi yake anambana. Mashine ikatoa mlio mfupi. Ikaisha.

Tulisubiri ukutani. Mkwe wangu alikuwa amemkumbatia mtoto na kuyumba taratibu, midomo yake inacheza bila sauti. Mimi nilikuwa nimeshika skafu ya njano kwa mikono yote miwili na sikujua niiweke wapi.

Fundi akatoka. Uso wake ulinijibu kabla ya mdomo. "Ipo," akasema. "Ngoja nimwite daktari."

Tulimfuata mpaka kwenye skrini bila kukaribishwa. Nikaona mbavu ndogo, nyembamba, na juu yake, kando ya shingo, mstari mweupe ulionyooka. Ningeijua sindano yangu hata gizani. Hata tundu lake pana lilionekana.

Sikumbuki nilivyofika chini. Najua nilikuwa nimekaa sakafuni na nilikuwa nasema, "Nimemuua, nimemuua mtoto wa watu," na mkwe wangu hakuniambia ninyamaze. Alikuwa amesimama pale pale, mkono mmoja umemfunika Kibonge kichwa, anaitazama skrini bila kupepesa.

Daktari alikuja akitembea kwa kasi. Akamsikiliza Kibonge kifuani, akambonyeza shingo, akamtazama anavyomeza mate. "Anapumua vizuri," akasema. "Hata haonyeshi kuumia." Akainama kwenye skrini. Akakaa hivyo kwa muda ambao sitaki kuurudia. "Hii mifupa mirefu hapa juu ni ya nani?"

"Ni ya bibi," fundi akasema. "Ndiye aliyemshika."

"Kwa hiyo hiki hapa ni kifundo cha mkono wake. Na sindano..." Akageuka akaniangalia pale sakafuni. "Bibi, umevaa nini mkononi?"

"Nimevua vyote," nikalia. "Nimevua hata pini!"

Mkwe wangu alimpa muuguzi mtoto. Akachuchumaa mbele yangu, akaushika mkono wangu wa kushoto, akaupitishia viganja kutoka begani, taratibu, akibonyeza. Akapita kiwiko. Akafika kwenye mkunjo mnene wa sweta, pale kifundoni, na viganja vyake vikasimama. Akaukunjua mkunjo. Sindano ilikuwa imelala ndani ya sufu, imechomwa vizuri, kwa ufundi, mahali pale pale ambapo kiwandani kulikuwa na kimto. Ncha yake ilikuwa imechomoza kidogo upande wa ndani, ule niliomwegemezea Kibonge kichwa njia nzima.

Niliitazama kama kitu cha mtu mwingine. Mkono wangu ulikuwa umefanya kazi yake ya miaka yote bila kuniuliza. Ndio uliomchubua wakati namfunga fundo chini ya kidevu.

Walipiga picha ya pili, nikiwa nimevuliwa sweta na meno yananigongana. Ilikuwa safi. Mbavu ndogo, shingo ndogo, basi. Daktari akampaka Kibonge dawa kwenye mchubuko, akampigapiga shavu, akaenda kwa wagonjwa wake. Fundi wa eksirei akanirudishia sweta langu, na kwa upole wake wote alilikung'uta kwanza.

Tukakaa kwenye benchi la korido. Kibonge alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, mdomo wazi. Mkwe wangu alikuwa ameishika sindano kati ya vidole viwili.

"Si ya kwanza, mama," akasema.

"Nini?"

"Ya kwanza ilikuwa kwenye blanketi lake, mwaka jana baridi ilipoanza. Nililalia juu yake mimi, kabla sijamlaza yeye. Nyingine ilikuwa kwenye skafu ya baba yake. Nyingine kwenye yangu, ile ya zambarau." Alisema polepole, kama mtu anayetoa mwiba. "Ziko kazini kwangu, kwenye kopo la poda. Sisi kule tunapapasa kila shuka kabla ya kulifua, wauguzi wanasahau sindano ndani. Nikaanza kupapasa na zako."

Nilitazama viganja vyake. Vilikuwa vimekauka kwa sabuni, na vimejaa mistari. Mwaka mzima nilikuwa nageuza uso nikitazama ukuta. Nikafikiria na kituo cha watoto, ile "acheze na wenzake", nikaelewa bila kuambiwa.

"Mwanangu anajua?"

"Anajua."

"Mkaninyamazia."

"Ningeanzaje, mama?" Sasa machozi ndiyo yalikuwa yanamtoka, yale aliyoyazuia tangu mlangoni. "Unatoa zawadi umejawa na furaha, nikwambie nini? Nikuambie macho yako yamechoka? Nilisema moyoni, alimradi nazipitia zote mimi, hakuna baya. Leo hii ndiyo haikupita kwangu."

Woga uliokuwa umeanza kunitoka ulirudi, ila safari hii haukuwa wa sindano. Niliogopa mikono yangu. Ilikuwa imelala mapajani, mipole kabisa, na sikujua kingine ilichofanya bila kuniambia, au kitakachofuata.

"Mchukue," nikasema. "Simgusi tena. Na huyo anayekuja pia, sitamgusa. Nitakaa chumbani kwangu."

Mkwe wangu akajifuta uso kwa bega. Akaichoma sindano kwenye aproni yake ya kazi, juu, mahali inapoonekana, akainuka.

"Zamu yangu haijaisha," akasema. "Kuna mlima wa mashuka unaningoja. Nani atamrudisha mtoto nyumbani?"

Nikamtazama. Hakuwa anatania.

"Simama, mama. Inua mikono."

Nikasimama. Nikainua mikono pale pale kwenye korido, na ndala zangu mbili, watu wanapita na kugeuka. Alimweka Kibonge kwenye benchi, akanipapasa. Alianza na kilemba, akabonyeza kila mkunjo. Akashuka mabegani, kwenye kola, kwenye mikono yote miwili mpaka vidoleni, kwenye mifuko, kwenye pindo la sketi. Akaikunjua skafu ya njano akaipitia tena, ncha hadi ncha. Hakuacha hata sehemu moja. Na mimi niliyekuwa nikikerwa na viganja vile nilikuwa nimefumba macho, naomba kwa roho yangu yote visisimame popote.

Havikusimama. Akanitazama, akamwinua Kibonge, akanipa.

Sasa ndivyo tunavyoishi. Mchana nikitaka kwenda kituoni, Mama Kasuku huja kunipapasa kwanza, na anavyoongea mtaa mzima unajua. Jioni mkwe wangu akirudi, hata hajavua viatu, mimi mwenyewe nainuka kochini na kuinua mikono.